Mfalme Aliyefunga Njia za Shamba

Kosa langu la kwanza nililiandika kwa biki ya buluu, kwa mwandiko mzuri kuliko wote niliokuwa nao, na chini ya kichwa chake nikapiga mstari mwekundu kwa rula. Nilikuwa na miaka kumi na moja. Nilitunga sababu iliyowafanya watu wamuue mfalme wao, nikaiweka katika daftari la historia la dada yangu, na sikumwambia kwamba nimeitunga. Aliisoma kama ukweli, akaikariri, akaenda nayo kwenye mtihani.

Nimejaribu kuanza kisa hiki kwa njia nyingine. Nimeanza na vita, nikaanza na mto, nikaanza na baba. Kila mara niliona ninajificha, nikachana karatasi. Basi naanza na kosa.

Wakati huo mji wetu, Kindu, ulikuwa umefungwa. Baba alikuwa mfanyakazi wa reli. Alikwenda kusini na treni siku chache kabla vita haijatufikia, na ile treni haikurudi. Mashua za mto zilisimama. Askari walishika mji, na vijana wa msituni walishika mashamba yote yaliyouzunguka. Nyumba yetu ilikuwa mtaa wa Mikelenge, upande wa mwisho, na shamba la mama la muhogo lilikuwa mwendo wa saa mbili nyuma yake. Ukienda shambani, askari walisema unawapelekea watu wa msituni habari. Ukifika shambani, watu wa msituni walisema umetumwa na askari. Kwa hiyo tulikaa. Mtu angeweza kusimama mwisho wa barabara yetu na kuona njia ya shamba, nyasi zikiifunika kidogo kidogo, na asiweze kutia mguu.

Nyumbani tulikuwa watatu: mama, mimi, na dada yangu mkubwa, ambaye kwetu tunamwita yaya. Yaya alikuwa mwaka wa mwisho wa sekondari. Shangazi yetu wa Kisangani alikuwa ametuma barua kwa ndege ya mizigo: msichana akipata diploma, aje akae kwangu, asome uuguzi, nafasi ya ndege nitamtafutia mimi. Barua hiyo mama aliisoma kwa sauti mara mbili, kisha akaiweka ndani ya Biblia. Mjini hamkuwa na njia nyingine ya kutoka. Yaya alijua. Sisi sote tulijua. Akifaulu mtihani wa kumaliza sekondari akapata diploma, anatoka. Akikosa anabaki nasi mle ndani.

Shule yake ilikuwa na walimu wanne waliobaki na haikuwa na kitabu hata kimoja. Makabati yalivunjwa wiki ya kwanza ya vita. Vitabu havikuchomwa, kama watu walivyodhani. Viliuzwa sokoni kwa kilo, kama karatasi.

Nililigundua hilo kwa mama mmoja aliyeuza karanga za kukaanga karibu na kivuko. Alizifunga kwenye karatasi aliyoizungusha kama pembe. Siku moja yaya alininunulia, na nilipomaliza karanga nikafungua karatasi kulamba chumvi. Nikaona maneno ya Kifaransa, na katikati yake mchoro wa wanawake wengi wakitembea kwenye mvua, wameshika mikuki na mapanga, na mmoja amepanda juu ya mzinga wa vita. Nikampelekea yaya. Akasoma, akakaa chini.

“Hii njo ya programu yetu,” alisema. “Mapinduzi. Njo wanaulizaka kila mwaka. Ulitosha wapi?” Alitaka kujua nimeitoa wapi.

Kuanzia siku hiyo nilikwenda kwa mama wa karanga kila asubuhi. Sikuwa na kitu cha kununulia. Nilisimama tu pembeni, na mteja akimaliza akatupa karatasi, niliiokota, nikaipangusa kwenye kaptula.

“Weye,” mama wa karanga aliniambia siku ya tatu, “wenzako wanakula karanga, wanatupa karatasi. Weye unaacha karanga, unafuata karatasi. Mama yako alizaa mutoto ao mbuzi?”

Wateja wakacheka. Tangu hapo jina langu pale kivukoni likawa Mbuzi. “Mbuzi, kuja, huyu papa amemaliza!” Sikukasirika. Nilikuwa na kazi, na katika mji ule watu wazima wengi hawakuwa nayo.

Tatizo ni kwamba yule mama alikuwa mwangalifu. Ili karatasi zimtoshe, alikata kila ukurasa vipande viwili. Namba za kurasa zilibaki kwenye vipande vya juu tu. Nyumbani nilivitandika sakafuni, nikatafuta sentensi iliyokatika hapa na mwanzo wake pale. Kifaransa yaya alinifundisha mwanzo, kingine nilijifunza mwenyewe kwa kamusi iliyokuwa imepoteza herufi A na B. Neno likianza na A au B nililikisia. Nadhani hapo ndipo tabia ilipoanza: kukisia, kisha kusahau kwamba nimekisia.

Kidogo kidogo mapinduzi yakajipanga. Kulikuwa na nchi yenye mfalme, na hazina yake ilikuwa tupu, na mkate ulikuwa adimu. Mfalme akawaita wajumbe wa watu wa kila aina ili wamsaidie kupata kodi. Wajumbe wa watu wa kawaida wakajikuta ni wengi kuliko wote na hawahesabiwi. Wakakataa kwenda nyumbani. Walipofungiwa mlango wa ukumbi, wakaingia katika nyumba ya kuchezea mpira wakaapa humo. Kisha watu wa mji wakavunja gereza kubwa wakitafuta baruti. Vijijini wakachoma karatasi za mabwana. Kisha wanawake, wale wa mchoro, wakatembea kutwa nzima kwenye mvua hadi jumba la mfalme, wakamlazimisha yeye na mke wake na watoto waje kukaa mjini, mahali ambapo wangeweza kumwona. Na njiani, hili lilinishangaza, walikuwa wanafurahi. Walisema sasa mkate utapatikana, maana wamekuja na mwokaji mwenyewe.

Yaya alikariri akitwanga sombe, majani ya muhogo tuliyochuma uani. Kila pigo la mchi, jambo moja. “Wajumbe!” Dum. “Ukumbi!” Dum. “Kiapo!” Dum. Mama alikaa mlangoni akichambua majani.

“Huyu mufalme,” mama aliuliza, “hakukuwa na shamba lake?”

“Alikuwa na mashamba yote, mama.”

“Na mukate ulikosekana? Basi hakukuwa mulimaji.”

Baada ya wanawake, kipande kilichofuata nilichokuwa nacho kilianza na kesi. Mfalme amesimama mbele ya wajumbe, wanamwita kwa jina la familia kama mtu yeyote, na wanapiga kura afe. Kisha kisu kikubwa kinachoshuka. Kisha watu wanaanza kuuana wenyewe kwa wenyewe. Kisha anakuja mwanajeshi.

Katikati palikosekana ukurasa mmoja. Watu walimleta mfalme mjini wakiimba. Ukurasa unaofuata wanamhukumu kifo. Kwa nini? Yaya aliniuliza, nikamwambia angoje, unakuja.

Ulikuja. Niliuona kwa macho. Askari mmoja alinunua karanga, na kwenye pembe aliyoishika niliona nusu ya mchoro: gari la farasi, farasi wengi, na watu wenye taa wakilizunguka. Nilijua mara moja kwa aina ya mchoro. Akaondoka akitafuna, nami nikamfuata. Alipita sokoni, akapita mbele ya kanisa, akageuka.

“Weye mutoto, unanifwata ju ya nini?”

“Naomba karatasi, papa.”

“Karanga?”

“Hapana. Karatasi.”

Alinitazama, kisha akaitazama pembe yenyewe, akaigeuza huku na huku kama mtu anayetafuta ndani yake barua ya siri. Niliogopa. Akamimina karanga zilizobaki kwenye kiganja changu, zote. Akachana karatasi vizuri, akatoa tumbaku mfukoni, akasokota sigara.

“Karanga njo chakula,” alisema. “Karatasi njo ya wakubwa.”

Akaiwasha. Nilisimama pale na karanga mkononi nikitazama gari la farasi likiungua kutoka upande wa magurudumu. Kile kipande kingine cha ukurasa huo sikukipata kamwe.

Wiki hiyohiyo mama alikwenda shambani. Hatukuwa tumekula muhogo kwa siku nyingi, na mtu alisema njia imetulia. Aliondoka na wanawake wengine wawili. Alirudi siku ya tatu peke yake, kikapu kitupu, shavu limevimba upande mmoja. Yaya alimwekea maji. Mama akanawa, akaomba kanga nyingine, akalala akitazama ukuta. Hakusema ni nani waliomfanyia hivyo, wale wa mjini au wale wa msituni, na mpaka leo hajasema. Sisi hatukuuliza. Nyumba ilikuwa ndogo, na kila mmoja wetu alitafuta pa kutazama.

Kesho yake nilikaa na daftari. Lilikuwa daftari jipya, la kurasa mia, limefunikwa kwa karatasi ya kalenda. Nilikuwa nimekwisha kunakili yote kwa usafi, bila kufuta mahali hata pamoja. Nikikosea herufi, nilitoa karatasi nzima nikaanza upya. Sasa nilifika penye pengo. Ningeweza kuacha nafasi. Ningeweza kuandika “hapa ukurasa haupo.” Nilijaribu kuacha nafasi, nikaitazama, na sikuweza kuivumilia. Ilikuwa kama jino lililong'oka katikati ya mdomo wa yaya.

Nikaandika kwa Kifaransa. Nilichukua maneno kutoka kurasa nyingine ili yafanane. Nayatafsiri hapa kama yalivyokuwa:

“Mfalme alipoona watu wa mji hawamwogopi tena, alituma askari wafunge njia zote za kwenda mashambani. Mwenye kutoka aliitwa mpelelezi, na mwenye kuingia aliitwa mpelelezi. Njaa ikaingia mjini. Mfalme akapanda gari lake la farasi akauzunguka mji, kuangalia kama njia zimefungwa vizuri. Watu wakaona kwamba yeye amenenepa. Ndipo walipoacha kumpenda, wakamkamata.”

Nikapiga mstari mwekundu chini ya kichwa. Nikampa yaya.

Alisoma amesimama. Akasoma tena. “Umeupata,” alisema.

“Ndiyo.”

Ndilo neno lote nililosema. Sijawahi kusema uongo mfupi kuliko huo, na hakuna uliodumu kama huo.

Jioni alimsomea mama kwa Kiswahili. Mama aliacha kuchambua majani. “Hata kule?” aliuliza. Akacheka kidogo, kicheko cha puani. Kisha akanigeukia mimi, mwenye vitabu. “Na wao, hao watu, walifanyaje ili wakule?”

“Kitabu hakisemi, mama.”

“Hakisemi,” alirudia. “Vitabu njo vile.”

Lazima nieleze kitu kuhusu daftari kwetu, ili mtu asiyetujua aelewe uzito wake. Mahali pasipo na vitabu, daftari ndilo kitabu. Mwalimu anaandika ubaoni, wanafunzi wananakili, na mwaka ukiisha daftari safi kuliko yote linaazimwa na kunakiliwa na darasa linalofuata. Hakuna anayeuliza limetoka wapi. Anatazama mwandiko. Mwandiko ukiwa umenyooka na mistari ni myekundu na hakuna palipofutwa, kilichoandikwa ni kweli. Wenzake watano wa yaya walilinakili lile langu. Mmoja wao aliniletea ndizi kwa shukrani. Nilizila.

Mtihani wa serikali ulifika kwa ndege. Yaya alivaa sketi ya buluu aliyoipiga pasi ya makaa mara mbili. Siku ya historia na jiografia nilimngoja mlangoni, na nilimwona tangu mbali, anatembea kwa kurukaruka, yeye aliyekuwa hatembei hivyo tangu vita ianze.

“Walileta mufalme!” alisema kabla hajafika. “Walileta mufalme wetu!”

Mama akatoka. Yaya akatueleza. Maswali yalikuwa ya kuchagua, majibu matano kwa kila swali, moja ndilo sahihi. Swali lilikuwa: ni jambo gani lililowafanya watu wapoteze imani kwa mfalme wao?

“Nikaona njaa na kufungwa kwa njia, jibu la pili. Pale pale, mama! Nikachagua. Na weye unajua jibu la kwanza lilikuwa nini?” Alikuwa anacheka. “Eti mufalme alikimbia! Mufalme, na walinzi wake, na vyakula vyake, akimbie wapi? Nilicheka mpaka musimamizi wa mtihani akaniangalia.”

Mama alicheka naye. Mimi nilishuku kwamba jibu la kwanza ndilo sahihi. Sikujua kwa hakika. Lakini nililikumbuka gari la farasi, na wale watu wenye taa kulizunguka. Watu hawalizungushii gari taa ili kumsalimia mtu aliyemo ndani.

Tulingoja matokeo majuma mengi. Mji ulikuwa umefungwa, nami ndani ya mji nilikuwa nimefungwa mara ya pili, mahali ambapo hakuna aliyenizuia ila mimi mwenyewe. Kila asubuhi niliamka nimepanga kumwambia. Nilipanga hata maneno. Kisha namwona anakunja nguo zake mbili nzuri na kuziweka juu ya kasha, tayari kwa ndege, na maneno yanarudi tumboni. Nilianza kunawa mikono mara nyingi. Nilianza kuhesabu hatua kati ya mlango na choo, na zikitofautiana na za jana narudi kuanza upya. Mama alidhani ni njaa.

Majina yalisomwa kwenye geti la shule. Jina la yaya halikusomwa. Kati ya wale watano walionakili daftari langu, mmoja alipita na wanne hawakupita, na ninajua kwamba swali moja haliwezi kumwangusha mtu. Nimejiambia hivyo miaka yote. Karatasi iliyobandikwa haikusema nani alikosa nini. Kwa hiyo sikuweza kujua kwamba si mimi.

Yaya aliondoa zile nguo juu ya kasha. Hakulia mbele yetu. Shangazi hakuandika tena.

Njia zilipofunguka, alikuja mwanamume mmoja wa Kalima aliyenunua kwa wachimbaji mawe ya kasiteriti, yale yanayotoa bati, mtu mpole, akamwoa. Siku ya kuondoka nilimsaidia kufunga mizigo, na nilimwona analitia lile daftari katikati ya vitenge. “Hili naenda nalo,” alisema. “Mikono ya ndugu yangu.” Nilikuwa na nafasi ya kusema hapo pia.

Nilikuwa na miaka kumi na sita nilipokutana na kitabu kizima, katika chumba cha kusomea cha parokia. Nilifungua moja kwa moja penye gari la farasi. Nilisoma nimesimama, sikuthubutu kuketi. Mfalme alikuwa amefungiwa katika jumba lake katikati ya mji, na watu madirishani. Akachoka. Akavaa nguo za mtumishi, akampakia mke wake na watoto wake na dada yake kwenye gari, wakatoka kwa siri kuelekea mpakani. Walikaribia kufika. Katika mji mmoja mdogo mtu alimtambua, kwa sababu uso wake ulikuwa kwenye pesa. Wakazunguka gari kwa taa. Wakamrudisha, na watu wakasimama njia nzima bila kuvua kofia na bila kusema neno. Hapo ndipo ufalme ulipokwisha, kabla ya kesi na kabla ya kisu. Kweli, alikimbia.

Sikumwambia. Kalima si mbali. Kwa pikipiki ni safari ya siku moja, barabara ikiwa nzuri. Sikwenda. Mwanzo nilisema ni usalama, kisha ni mvua, kisha ni kazi. Nina kibanda cha kuchapa barua na kutoa nakala karibu na ofisi za serikali. Watu wanajua kwamba kwangu barua haitoki na kosa. Hawajui kwamba ninachapa mara nne, mara tano, kwamba doa moja linanirudisha mwanzo, na kwamba nimewahi kufunga mlango mchana nikakaa sakafuni kwa sababu nilihisi kuna kosa mahali na silioni. Yaya alipokuja Kindu kumwangalia mama, nilimpikia, nilimchekesha, nilimsindikiza. Daftari sikuligusia.

Mwaka jana simu yangu ililia pale kibandani. Ilikuwa picha kutoka kwa binti wa yaya, mpwa wangu, ambaye sasa alikuwa mwaka wa mwisho yeye mwenyewe. Ukurasa umekuwa wa manjano, umekunjika katikati, na mkunjo umekula maneno mawili. Chini yake ameandika: “Mujomba, hapa haisomeki. Njia zimefungwa namna gani? Mtihani iko karibu.”

Niliutambua mstari wangu mwekundu.

Ningeweza kumjibu kwa simu. Niliandika jibu, nikalifuta, nikaandika, nikalifuta. Kesho yake nilifunga kibanda nikapanda nyuma ya pikipiki. Barabara ilikuwa mbaya. Mara tatu tulishuka kusukuma, na kwenye daraja moja la miti dereva alivusha pikipiki kwanza, kisha akarudi kunishika mkono. Nilifika Kalima nina udongo mpaka shingoni.

Yaya alikuwa uani anatwanga sombe. Aliacha mchi. “Nani amekufa?”

“Hakuna aliyekufa, yaya. Mama ni mzima.”

“Basi kunawa. Umefanana na muchimbaji.”

Sikunawa. Nilijua nikinawa nitatafuta jambo jingine la kufanya. Nikasema pale pale nimesimama, na mpwa wangu ametoka ndani na daftari mkononi. Nilisema ule ukurasa niliutunga. Nilisema kuhusu askari na sigara. Nilisema mfalme alikimbia.

Mpwa wangu ndiye aliyesema kwanza. “Lakini mujomba! Mwalimu alisema vile, eti alikimbia. Mi nikamubishia mbele ya darasa! Nikamwonyesha kaye.” Aliliinua daftari.

“Akasema nini?”

“Aliangalia, akasema hii kaye ni safi sana, labda inatoka kwa kitabu kingine.” Akashika mdomo. Alitaka kucheka, akamtazama mama yake, akaacha.

Yaya alikuwa amekaa juu ya kigoda. “Sema tena,” aliniambia. “Huyo mufalme. Ya kweli.”

Nikamweleza pole pole: jumba lililozungukwa, nguo za mtumishi, gari, uso kwenye pesa, taa.

“Na dada yake alikuwa ndani ya gari.”

“Alikuwamo.”

“Alifungiwa, akataka kutoka. Wakamurudisha njiani.” Alitazama mikono yake, ilikuwa ya kijani kwa sombe. “Na mimi nilisoma jibu hilo nikacheka. Kila siku nilikuwa nawaza kutoka, kila siku, na sikuwaza kwamba mufalme naye anaweza kuwaza vile.”

“Yaya, nisamehe.”

“Nyamaza kwanza.” Sauti yake ilikuwa kali sasa. “Diploma, sijui. Hata hesabu sikuandika vizuri, na hilo weye hukutunga. Lakini hii habari ya njia za shamba niliwaambia watoto wangu. Niliwaambia wanawake wa kanisa. Nilisema, hata wazungu walifungiwa mashamba kama sisi, hata wao. Miaka yote! Ilikuwa inanisaidia. Na ni weye tu. Ni mama, na kikapu chake, na weye.”

Akainuka akaenda jikoni. Tulimsikia akigonga masufuria kuliko ilivyohitajika. Mpwa wangu aliniletea maji, nikanawa. Nilidhani ataniambia niondoke, nikaanza kuhesabu saa za mwanga zilizobaki.

Alirudi na biki nyekundu. Akachukua daftari kwa binti yake, akalifungua juu ya kigoda, akanipa biki.

“Kata.”

“Nitoe karatasi niandike upya? Nitaiandika vizuri, nita...”

“Hapana. Usitoe. Kata hapo hapo kwa mstari, isomeke bado. Pembeni andika kwamba hii ni ya kwetu, ya Kindu. Chini andika ya mufalme.”

Nilikata. Mstari ulikwenda upande, ukagusa neno lisilohusika, na sikupewa karatasi nyingine. Niliandika pembeni. Niliandika chini. Hakukuwa na nafasi ya kutosha, ikabidi niandike herufi ndogo hadi ukingoni. Ni ukurasa mchafu kuliko wowote niliowahi kuandika. Mpwa wangu aliusoma, akauliza maswali mawili, akalichukua daftari ndani.

Tulikula sombe. Yaya hakuniambia kwamba amenisamehe, nami sikuuliza tena.

Mpwa wangu alifanya mtihani na akapata diploma. Yuko Kisangani. Yaya bado yuko Kalima, na sasa ninakwenda kumwona barabara ikikauka. Ninapochapa barua ya mtu nikakuta neno lisilosomeka, siweki neno langu. Naacha nafasi, namwita mwenye barua, namuuliza.